Si ni Katuni? Ndiyo, na Hairuhusiwi Chini ya Miaka 18

Wacha niseme kwanza, halafu mnitukane vizuri: Nairobi inahitaji katuni chafu.

Sijasema katuni ya kufundisha watoto kunawa mikono. Hizo tunazo, na ni nzuri. Naongelea filamu nzima ya katuni ya watu wazima. Iwe na matusi, mzaha wa kitandani na damu. Ikutishe mpaka uende kuangalia kama mlango umefungwa, na ikuchekeshe mpaka umwage chai. Iwe na alama ya 18 kubwa kama sahani, ionyeshwe saa tatu usiku pale Ngong Road, na kila anayeingia aonyeshe kitambulisho.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika "na watoto je?" Tulia, msee. Watoto ndio sababu yangu ya kwanza. Nchi isiyoamini kwamba kuna katuni za watu wazima huishia kuwapa watoto katuni za watu wazima. Na hiyo ndiyo Kenya yetu. Tumepiga marufuku vitu vya watoto, vya wakubwa vikapita kando bila kuulizwa, kwa sababu mtu akiona mchoro unatembea, akili yake inasema "ya watoi hiyo" na inaenda kulala.

Chukua mfano ambao wengi wenu mmeuona, hata kama hamtakubali mbele ya mathe. Sausage Party, ya mwaka 2016. Ukiangalia tu picha zake, soseji inacheka, mkate unacheka, rangi kibao. Kama una haraka utadhani ni ndugu yake Toy Story. Ndani yake sasa, vyakula vya supamaketi vinaamini kwamba wateja ni miungu. Ukichaguliwa ukawekwa kwa toroli, umeokoka, unaenda peponi. Kila asubuhi duka likikaribia kufunguliwa vyakula vinaimba wimbo wa sifa. Halafu vinafika jikoni. Kiazi kinamenywa kikiwa hai, kinapiga mayowe. Karoti ndogo zinatafunwa zikijaribu kutoroka. Hapo ndipo unashtuka kwamba hii ni filamu ya kutisha kabisa, ila muuaji ni mtu wa kawaida anayepika supper yake na hana habari.

Na wimbo ule wa sifa ulitungwa kwa mkono wa Alan Menken, yule yule aliyetunga muziki wa The Little Mermaid, Aladdin na Beauty and the Beast. Yaani walimchukua fundi wa utoto wetu, wakampa kazi ya kutuaga utotoni. Hiyo si bahati mbaya. Mzaha wote wa ile filamu unasimama juu ya kitu kimoja: macho yako yanakuambia ni ya watoto, masikio yako yanakataa.

Marekani waliipa R, ambayo kule ina maana mtoto wa chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mtu mzima wa kumwangalia. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya katuni za kompyuta kupewa alama hiyo kule. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 19, ikaingiza karibu milioni 140. Kwa hivyo watu wazima wa kulipia katuni wapo.

Hata huko hawakosi kuteleza. Juni 2016, ukumbi mmoja wa sinema California ulionyesha treila ya Sausage Party mbele ya familia zilizokuja na watoto kuona Finding Dory. Ukumbi ukaomba msamaha. Ufaransa nao waliiruhusu kuanzia miaka 12, na wazazi wengine wakapiga kelele. Sasa angalia hizo kesi mbili zilihusu nini. Zilihusu mlango: nani ameingia, akiwa na umri gani, na nani alipaswa kumzuia. Waliogombana waligombania umri wa anayeingia, na filamu yenyewe ikaendelea kuonyeshwa.

Rudi hapa kwetu.

Juni 2017, Bodi ya Kuainisha Filamu, ile tunayoita KFCB, chini ya Ezekiel Mutua, ilitangaza kwamba katuni sita zisionyeshwe Kenya. Hizi hapa: The Loud House, The Legend of Korra, Hey Arnold!, Clarence, Steven Universe na Adventure Time. Sababu waliyotoa ni kwamba zinatukuza mapenzi ya jinsia moja. MultiChoice wakaambiwa waziondoe hewani.

Uwe unakubaliana na bodi kuhusu hilo au hukubaliani, liweke kando dakika moja na usome orodha tena pole pole. Zote sita zilikuwa kwenye stesheni za watoto. Hey Arnold! ni ya tangu 1996, hadithi ya kijana mwenye kichwa kama mpira wa raga anayeishi na guka na cucu wake. Vita nzima ya maadili ikapiganiwa kwa Nickelodeon na Cartoon Network, kwa sababu huko ndiko wakubwa wetu waliamini katuni huishi.

Na wakati huo Sausage Party ilikuwa na kama mwaka mmoja tangu itoke, na inajulikana kila duka la muvi.

Kwa wale hamjawahi kuishi mtaani: duka la muvi ni mahali unaenda na flashi yako, unalipa kidogo kwa kila filamu, jamaa anakuwekea kutoka kwa kompyuta yake. Kila kitu kimepangwa kwa folda. Action. Series. Kikorea. Kihindi. Na folda moja imeandikwa "Katuni". Moja tu. Mtoto wa miaka minne na mzee wa miaka arobaini wanachotewa kwa sufuria moja.

Siku moja nilikuwa kwa laini kwenye duka moja kama hilo upande wa Kangemi. Mbele yangu alikuwa mama na mtoto wake wa kama miaka saba. Mama akasema, "Muwekee katuni, zijae." Jamaa akashika folda yote, akaikopi. Nikaona Moana inapita, Frozen inapita, halafu soseji hiyo inapita nyuma yao kama mlevi aliyejiingiza kwa msafara wa harusi. Nikamwambia, "Buda, hiyo ya soseji si ya watoto." Akanijibu bila kugeuka, "Si ni katuni?" Na mama naye akanitazama kwa macho hayo hayo. Si ni katuni?

Nikamwomba jamaa afungue dakika kumi za mwisho. Alifungua. Hakuzimaliza. Aliifuta kwa haraka ya mtu anayezima moto, na mama akaniambia asante kwa sauti ya chini sana, kana kwamba ni mimi niliyeitengeneza.

Yule jamaa si mtu mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kitu. Na hapo ndipo nina ugomvi na serikali yangu. Bodi ina alama nne, na kusema ukweli ni mfumo mzuri: GE kwa kila mtu, PG mzazi awe karibu, halafu 16, halafu 18. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuuelewa. Kazi yao iko ndani ya jina lao, kuainisha. Kuainisha ni kupanga: hii weka hapa, ile weka pale, hii ya mtoto, ile ya babake. Ila bodi inayoitwa ya kuainisha tumeijua zaidi kwa kukataza. The Wolf of Wall Street, Januari 2014, ikakatazwa. Fifty Shades of Grey, 2015, ikakatazwa. Niambieni ukweli, kuna mtu mmoja hapa aliyetaka kuziona akazikosa?

Marufuku tao ni tangazo la bure. Mwenye duka hata hahitaji kubandika karatasi dirishani. Anakuambia tu "ile walikataza iko", na wewe unatoa flashi.

Na msiniambie njia nyingine haiwezekani Kenya, kwa sababu tushaijaribu. Mnakumbuka Rafiki ya Wanuri Kahiu? Bodi iliifungia Aprili 2018. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha lile. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku saba, na kwa watu wazima tu. Siku saba! Watu walijaa Prestige Plaza pale Ngong Road mpaka ikabidi waongeze nafasi. Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaikubali marufuku ile.

Mimi hapa siongelei hadithi ya Rafiki. Naongelea mlango wa Prestige. Kwa wiki nzima, jiji hili lilionyesha filamu iliyofungiwa, kwa watu wazima peke yao, mchana na jioni, ndani ya mall yenye supamaketi na watoto wakipita na aiskrimu. Paa haikuanguka. Jumapili watu walienda kanisani. Jumatatu jam ya Ngong Road ilikuwa pale pale. Kama iliwezekana kwa amri ya jaji kwa siku saba, inawezekana kwa utaratibu wa kawaida mwaka mzima.

Hata Mutua mwenyewe aliwahi kuigusa hii kanuni. Julai 2019 alisema Wamlambez ya Sailors na Tetema ya akina Rayvanny na Diamond zibaki kwa klabu na baa. Mlicheka, lakini kama kanuni haikuwa mbaya: kitu cha watu wazima, mahali pa watu wazima. Shida ni kwamba ilikuwa kanuni bila mlango. Mat ya 46 kwenda Kawangware ilikuwa inapiga Wamlambez saa moja asubuhi na wanafunzi wamejaa kiti cha nyuma, na wanajibu kwa pamoja kuliko kwaya. Ukisema neno jioni kwa runinga bila mtu wa kulifuata asubuhi barabarani, umetoa maoni tu kama mimi.

Sasa twende kwa sheria, nitakuwa mfupi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na inataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Inasema pia ni vitu gani havilindwi: propaganda za vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki, na kupigia debe chuki. Hapo hakuna "mzaha wa soseji". Kifungu cha 53 nacho kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yanatangulia katika kila jambo linalomhusu mtoto. Ziweke pamoja hizo mbili. Mtu mzima ana haki ya kucheka vibaya. Mtoto ana haki ya kulindwa. Kitu kinachozitimiza zote mbili kwa wakati mmoja ni alama ya umri inayofuatwa. Marufuku inavunja ya kwanza, na kama pale Kangemi, haitimizi ya pili. Lakini bodi bado inafanya kazi kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ambayo mizizi yake ni ya 1962. Uhuru ulikuwa haujafika. Sheria iliyoandikwa na mkoloni akihofia Mwafrika ataona nini kwenye skrini ndiyo bado inaamua wewe, mtu wa miaka thelathini mwenye KRA PIN na mkopo wa Hustler Fund, utacheka nini Ijumaa usiku.

Na hapo anatokea yule mwingine: "Lakini huo uchafu si utamaduni wetu."

Kaa chini nikuambie hadithi.

Kuna msichana alienda ngomani, akaona kijana mtanashati kuliko wote. Akamfuata nyumbani bila kuuliza watu. Kumbe yule ni irimu, zimwi, na kisogoni chini ya nywele ana mdomo wa pili. Hiyo hatukuipata Marekani. Ni hadithi ya Wakikuyu, na majirani zao wana za kufanana nayo, ilisimuliwa usiku, na kila aliyeisikia alijua vizuri msichana alikuwa anamfuatia nini yule kijana. Wajaluo na Wakisii wana wakimbiaji wa usiku: mtu mzima na heshima zake, mchana mwalimu au mzee wa kanisa, usiku anakimbia uchi kijijini, anakugongea mlango kwa makalio. Kwa makalio! Unatetemeka chini ya blanketi na unakufa kicheko kwa wakati mmoja. Niambie hiyo ni aina gani ya hadithi kama si ya kutisha, ya kuchekesha na chafu, zote kwa sahani moja. Mombasa kuna mrembo wa jini, ukishuka macho unakuta kwato. Zanzibar na Pemba mwaka 1995 kulikuwa na Popobawa, zimwi lenye jina la bawa la popo, lililosemekana kuwaingilia watu usiku, hata wanaume, mpaka wanaume wakawa wanalala nje kwa vikundi wakiota moto.

Na ukitaka zimwi la upande wetu wa jiji, geuka utazame Ngong Hills siku mvua imeosha hewa. Vile vilima vinafanana na vifundo vya ngumi. Kwame Nyong'o alitengeneza katuni fupi, The Legend of Ngong Hills, ya zimwi lililompenda msichana wa Kimaasai. Katuni, mtu wetu, zimwi letu, mapenzi, hofu. Ng'endo Mukii alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012 kuhusu ngozi na kujichubua, na hiyo si ya kumlaza mtoto. Andrew Kaggia akatupa Wageuzi: Battle 2012, wanasiasa wetu wanageuka magari ya vita wakikimbilia Ikulu. Na vikaragosi wa XYZ Show, tangu 2009, waliwavua nguo wakubwa wa nchi hii kwa runinga na sisi tukacheka. Mikono tunayo na hadithi tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "sawa, tengeneza ndefu, ya watu wazima, tutailipia." Kazi nyingi anazopata mchoraji wa katuni Nairobi ni tangazo la benki au somo la watoto. Anachora meno yanayopigwa mswaki mpaka anazeeka.

Hebu tuwaze tu Sausage Party yetu ingekuwa nini.

Ni 2017. Supamaketi kubwa ya Nairobi, rafu zinazidi kuwa tupu kila wiki na hakuna anayejua kwa nini. Mnakumbuka hiyo enzi. Vyakula vya kule Marekani viliogopa kununuliwa. Vyetu vinaogopa kwamba mteja hatarudi tena. Pakiti ya unga wa shilingi 90 inaingia kama Masihi, inashangiliwa, inapotea siku hiyo hiyo, na kuna dhehebu linaamini itarudi. Sukari ya 2018 inaapa mbele ya wenzake kwamba haina zebaki, na hakuna anayekubali kukaa naye rafu moja. Wanaamua kutoroka usiku kwenda mtaani, wakiamini kibandani kuna uhuru.

Wanafika Kawangware saa moja jioni na kumkuta mutura.

Mutura jamani! Amelala juu ya makaa, anatoa moshi, mzee wa vita zote. Hakuna anayejua ametengenezwa na nini, hata yeye mwenyewe, na anaomba wasimwambie. Kando yake smokie wanasimama kwa mstari wakisubiri kupasuliwa katikati na kujazwa kachumbari, na kila mmoja anajipa moyo kwamba pilipili haitauma. Mayai boilo wanavuliwa ganda mmoja mmoja mbele ya watu wazima, aibu tupu. Chapo na madondo wanaishi pamoja bila mahari, na sufuria yote inajua mambo yao kwa sababu kifuniko hakifungi. Muulize mtu yeyote anayekula tao jioni kama hiyo si ya kuchekesha, na kama haitishi kidogo ukikumbuka maji yaliyoosha hiyo kachumbari.

Na bodi yenyewe, mnajua imekaa wapi miaka hii yote? Uchumi House, Aga Khan Walk. Jina lile lile la supamaketi tuliyokulia. Hata mimi nisingethubutu kuandika mzaha kama huo.

Lakini tusidanganyane pia. Kuitetea katuni chafu si kusema kila uchafu ni ucheshi. Kwa Sausage Party kuna sehemu ambapo muovu mmoja anamnyonya kwa nguvu kiboksi cha juisi kilichovunjika, na imechorwa wazi kama unyanyasaji. Mimi hapo sikucheka, na sioni kwa nini ningecheka. Ethic walipotoa Tarimbo mwaka 2019, waliolalamika hawakuwa watu wa bodi peke yao. Wanawake wa Nairobi walisema wazi kwamba kubaka si utani, na kikundi kikaomba radhi. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofanya kazi: mnaona, mnabishana, mnamwambia msanii hapa umekosea. Hadhira iliyofungiwa mlango haiwezi kukosoa kitu, itanong'ona tu. Na msanii asiyekosolewa hajui tofauti ya mzaha mchafu na mzaha mbovu.

Kitu kingine, hiki ni cha wenye pesa. Sausage Party ilipotoka, baadhi ya wachoraji wake kule Vancouver walilalamika hadharani kwamba walifanya kazi masaa ya ziada bila kulipwa na wengine hawakuona majina yao mwishoni. Filamu ya vyakula vinavyotafunwa na wakubwa! Tukitengeneza yetu, kijana aliyekaa macho kwa bedsitter yake Kinoo akichora moshi wa mutura alipwe, na jina lake lionekane kabla watu hawajasimama.

Kwa hivyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji Bunge lisimame.

Kwanza, bodi itoke Uchumi House na vibandiko, iende kwa maduka ya muvi kuanzia River Road mpaka Uthiru. Iende kufundisha, iache karao nyumbani. Kila duka liwe na folda mbili: Katuni za Watoto, na Katuni 18. Kazi ya wiki moja kwa duka, na ingewalinda watoto kuliko ile orodha ya sita.

Pili, mtu akileta katuni ya watu wazima ya Kikenya, apewe 18 yake na maelezo ya maandishi, halafu aachwe atafute watazamaji wake. Kumbi za jioni tunazo, Ngong Road na Westlands. Tao tulishapoteza za kutosha. Globe na Odeon zilikuwa sinema, leo moja unaijua kama raundabauti na nyingine kama steji.

Tatu, mzazi. Pole, lakini nawe uko kwa orodha. Mchoro si yaya. Kabla hujampa mtoto simu, tazama dakika tano. Weka PIN, ipo, ni bure. Ukiona soseji inacheka, jiulize inacheka nini.

Na kama unachora, usingoje ruhusa ya kufikiria. Anza na dakika mbili. Mimi nishaanza kumwandikia mutura maneno yake, na mdomo wake ni mchafu kuliko makaa. Smokie bado hana mtu. Nani anamchukua?